Chuo Nilichokidharau



Mhariri ameniomba niandike machache juu ya vijana wetu wanaomaliza sekondari mwaka huu. Nimekubali, ila sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe, kwani yote nitakayosema niliyajua baada ya kulitenda.

Mjukuu wangu alipomaliza shule hapa Columbus alipokelewa na chuo kikuu cha mji mwingine. Barua ya fedha ilipofika tukaisoma mezani, mama yake na mimi, na tukaona kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa tuzo ilikuwa ni mkopo wenye riba. Mama yake akasema hatuwezi kutia saini. Mwalimu wake akamshauri aanzie Columbus State, chuo cha jamii kilichoko katikati ya mji. Aliyepinga ni mimi. Nilisema mbele ya binti mwenyewe kwamba chuo kinachompokea kila anayebisha hodi hakiwezi kuwa chuo, na kwamba ni afadhali asubiri mwaka mmoja. Akatii. Mwaka mzima alifunga maboksi ghalani, anaondoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kuzama, na vitabu vyake vikakaa juu ya kabati.

Naomba nieleze dharau ile ilitoka wapi. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982, nchi yetu nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Sokoine hakikuwa chuo kikuu hadi 1984. Tulikuwa tumechujwa darasa la saba, tukachujwa kidato cha nne, tukachujwa tena cha sita. Kisha lilikuwapo Azimio la Musoma la 1974, lililomtaka kijana atumike kazini kwanza ndipo aombe nafasi. Aliyefika Mlimani alijiona ni punje iliyobaki katika ungo. Katika akili yangu, aliyekwenda kwingine ni yule aliyeanguka. Nilifundisha zaidi ya miaka thelathini nikiwa na imani hiyo, na nikasafiri nayo hadi Ohio.

Mwaka wa pili binti hakuniomba ruhusa. Alijiandikisha, kisha akaniomba nimpeleke kwa gari tu. Nikampeleka Mtaa wa Spring, na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, nikaingia naye. Humo nikakuta vijana wa miaka kumi na minane, lakini pia watu wazima wenye sare za hospitali, dereva wa lori aliyekuwa akisinzia, na nyuma yangu kina mama wawili wakinong'ona kwa Chimiini, lugha ya Barawa. Nikageuka kuwasalimu. Mmoja alikuwa bibi wa wajukuu wanne, anasomea hesabu za biashara.

Chuo hicho kilianza mwaka 1963 kikiwa shule ya mafundi, na wanafunzi 67 katika ghorofa ya chini ya sekondari iliyokuwa ukingoni mwa mto Scioto. Jina la Columbus State kilipewa mwaka 1987, na leo kina wanafunzi zaidi ya 20,000. Mtihani wa kuchuja watu mlangoni haupo. Kuchujwa kupo, lakini kunafanyika ndani, darasani, na mwenye kuchuja aghalabu ni uchovu wa kazi na nauli kuliko ugumu wa somo. Jambo hili sikulielewa mpaka nilipokaa darasani mwenyewe. Sheria ya Ohio inamruhusu mkazi aliyetimiza miaka sitini kuhudhuria masomo katika vyuo vya umma bila ada na bila kupewa alama, maadamu kiti kipo na mwalimu ameridhia. Nikachagua historia ya Marekani. Mhadhiri alijua majina yetu wote kabla ya wiki ya tatu. Mlimani tulikuwa na wahadhiri waliotikisa dunia kwa vitabu vyao, lakini sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kulijua jina langu.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Barua ya tuzo huchanganya vitu viwili katika orodha moja. Kuna ruzuku, ambayo hairudishwi, na iliyo kubwa ni ile ya serikali kuu iitwayo Pell. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa dola 7,395. Na kuna mkopo, ambao una riba hata pale jina lake linapoonyesha kuwa serikali inausaidia. Sikuwa najua, na aibu yangu ni kwamba sikuuliza, kuwa mtu anaweza kuikubali ruzuku na kuukataa mkopo. Masuala ya dharura na fatwa nawaachia masheikh. Ninachosema ni hesabu tu: ada ya mwaka katika Columbus State kwa mkazi wa Ohio ni ndogo kuliko kiwango hicho cha juu cha Pell. Mjukuu wangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu na mama yake ana kipato kidogo. Riba tuliyoikimbia haikuwapo kabisa katika mlango ule nilioufunga.

Ipo pia mipango ya miji yetu, na hapa yataka uangalifu. Hapa Columbus upo mpango wa Columbus Promise, ulioanza na wahitimu wa 2022, wa kuwasomesha bila ada katika chuo hicho. Lakini ni wa wahitimu wa shule za wilaya ya jiji; kuwa na anwani ya Columbus hakutoshi, kwani mitaa yetu mingi iko chini ya wilaya nyingine za shule. Mjukuu wangu hakustahili kwa sababu hiyo. Mdogo wake, aliye bado sekondari, anasoma masomo mawili ya chuo bila kulipa kwa mpango wa Ohio ulioanza mwaka 2015. Nimemwonya kwamba alama atakazopata humo zitabaki katika kumbukumbu zake za chuo, ziwe nzuri au mbaya.

Kule Buffalo dada yangu alitaka kuhamia huku kwetu kwa sababu ya kodi ya nyumba, ilhali mwanawe yuko darasa la kumi na moja. Nilimsihi angoje. Msaada wa Say Yes, ulioanza na wahitimu wa 2013, ni wa waliosoma shule za umma za mji ule, na kiasi anachopata mtu hutegemea miaka aliyokaa humo. Sisi watu wa kuhamahama tunahesabu kodi tu, hatuihesabu miaka ya mtoto. Amekubali kungoja, ingawa kwa manung'uniko.

Na mpwa wangu yuko Louisville, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Huko tangu 1998 upo mpango uitwao Metropolitan College: kijana anapakia mizigo ya UPS usiku, na ada yake hulipwa, ama Chuo Kikuu cha Louisville ama chuo cha jamii cha Jefferson. Nilimtembelea akanionyesha jengo la mawe la Jefferson, lililokuwa seminari ya Wapresbiteri, zuri kupita kiasi kwa mtu aliyetoka kazini alfajiri. Akaniambia, "Mjomba, ada yangu ni usingizi." Sikupenda macho yake yalivyokuwa mekundu. Mpango ule ni halali na ni wa heshima, lakini mzazi asiuchukulie kuwa ni bure, na asimpangie kijana huyo kazi nyingine ya mchana.

Binti anamaliza masomo yake ya miaka miwili muhula ujao, na amekubaliwa kuhamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, maili chache tu kutoka hapo. Masomo yake yote yamehesabiwa isipokuwa moja, alilochagua bila kumuuliza mshauri wa chuo. Ule mwaka wa ghalani hautaji kamwe. Mimi ndiye ninayeutaja, naye hunijibu, "Babu, basi," kisha huniuliza kama nimemaliza kusoma sura ya wiki.

Mwenye barua ya tuzo nyumbani na aje nayo kwangu Jumamosi yoyote baada ya sala ya Alasiri. Aje na kijana mwenyewe, na saini isitiwe kwanza.