Spika za Mezani

Msomaji, ikiwa nawe unaweka akiba ili ununue spika za kukaa mezani kando ya kompyuta, nipe sikio nikusimulie yaliyonipata. Huenda yakakupunguzia majuto.

Nilikuwa na rekodi za marehemu nyanya yangu, nilizozichukua kwa simu huko Lamu katika siku zake za mwisho. Nilizisikiliza kwa simu ile ile, nikiandika kila neno. Mahali pamoja niliandika kwamba kila alfajiri babu "alikwenda kufua". Niliposoma maandishi hayo mbele ya jamaa, shangazi alinikatiza kwa ghadhabu: baba yake hakuwa dobi, alikuwa mvuvi! Nyanya alisema "kuvua". Spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti nzito, na mvumo wa koo unaotenga v na f umo katika sauti nzito hizo. Naye wa kumwuliza alikuwa kaburini.

Dukani niliwekewa jozi mbili. Ya kwanza haikuwa na amplifaya ndani. Hutaka ya kando, na nguvu ya amplifaya hiyo hupita katika koili na kapasita zilizomo sandukuni, ndizo zinazopeleka sauti nzito kwenye koni kubwa na nyembamba kwenye ile ndogo. Usizidharau: Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 na kuenea katika studio nyingi, ilikuwa ya aina hiyo. Jozi ya pili ilibeba amplifaya zake tumboni. Humo sauti hugawanywa kabla ya kutiwa nguvu, na kila koni ina amplifaya iliyopimwa kwa ajili yake. Yamaha HS5, kwa mfano, ina wati 45 kwa koni ya inchi 5 na wati 25 kwa ile ndogo.

Fundi jirani yangu alinisihi nichukue za kwanza. "Amplifaya ikiungua," alisema, "utabadili amplifaya, spika zitabaki." Alisema kweli, nami sikumfuata. Meza yangu ni finyu, na kuoanisha amplifaya na spika ni kazi ya mjuzi. Mimi si mjuzi. Mwaka wa pili umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na sanduku la kushoto likanyamaza moja kwa moja. Fundi hakunicheka, namshukuru kwa hilo.

Nilipopata fedha tena nilinunua za namna ile ile, pamoja na kifaa cha kuzikinga na umeme wa ghafula. Nimeziweka hivi kwamba masafa kati yao ni sawa na masafa ya kila moja hadi kichwani pangu, na koni ndogo zimelingana na masikio. Usiku, mtaa ukilala, amplifaya husikika zikichakarisha kidogo, kama mchanga unaomwagwa mbali. Hilo silipendi. Kisha nyanya huanza kusema, na babu huenda kuvua.