Ardhi Kama Kitabu cha Historia

Miaka mingi iliyopita tulipata nafasi ya kwenda Uskochi kwa masomo mafupi ya ualimu. Siku moja ya mapumziko tulipelekwa mahali paitwapo Inchtuthil, kando ya mto Tay, kutazama ngome ya askari wa Kirumi. Tulikuwa tumejiandaa kuona kuta na minara. Tulichokiona ni shamba: majani, kondoo wachache, na kituta cha udongo ambacho tungekipita bila ya kukigeukia. Tulinung'unika moyoni kwamba tumeonyeshwa mahali pasipo kitu.

Hata hivyo, ngome ilikuwapo. Ilijengwa yapata mwaka 83 B.K. ili ikae lejioni nzima, yaani askari kama 5,000, katika eneo la hekta zipatazo 20. Majengo yake mengi yalikuwa ya mbao. Wala haikudumu. Yapata mwaka 87 askari walihamishwa, nao wakaibomoa kwa mikono yao wenyewe, hali nyumba ya jemadari haijaanza hata kujengwa. Je, mambo haya yamejulikanaje, ikiwa juu ya ardhi karibu hapakubaki kitu?

Aliyetupokea alituonyesha picha zilizopigwa kutoka angani, akatueleza habari za mimea. Handaki likichimbwa, hata likijaa tena, udongo uliolijaza huhifadhi maji kuliko ardhi ngumu iliyo kando yake. Mvua ikiadimika, shayiri iliyo juu ya handaki hubaki ndefu na ya kijani. Iliyo juu ya msingi wa mawe hudumaa na kugeuka manjano mapema. Aliye shambani huona mabaka tu. Aliye katika ndege huona mistari iliyonyooka na pembe zake. Kwa njia hii J. K. St Joseph, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alizifichua kambi nyingi za Warumi baada ya mwaka 1945. Yeye na Ian Richmond walichimba Inchtuthil tangu 1952 hadi 1965, wakifuata alama za mitaro iliyosimamishiwa nguzo za majengo. Katika shimo moja walikuta misumari zaidi ya 875,000, yenye uzito wa tani kama 10. Ilikuwa imefukiwa kwa makusudi, yaelekea ili maadui wasipate chuma cha kufulia silaha.

Tuliposikia habari ya shayiri tulinyamaza, maana tulikumbuka jambo la aibu. Katika mwaka wetu wa pili wa kufundisha, tulikuwa tukiwasomea watoto wa darasa la nne historia ya kijiji kutoka katika daftari letu. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, kule nyuma ya shule palikuwa na zizi la babu. Mahindi ya pale ni marefu kuliko mengine, tena yamefanya duara." Tulimjibu kwamba hicho si kipindi cha kilimo, tukamwamuru aketi. Darasa likamcheka. Hatukumbuki kumwona akinyosha mkono tena mwaka ule.

Samadi ya zizi si sawa na unyevu wa handaki, lakini kanuni ni moja: mmea hutoa habari za kilichokuwapo chini yake. Mtoto yule alikuwa ameigundua kwa macho yake mwenyewe. Na sisi, tuliopewa kazi ya kumfundisha, ndio tuliomnyamazisha.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, twapendekeza somo moja. Mvua zinapokatika, watembezeni watoto katika mashamba na viwanja vya jirani, baada ya kuomba ruhusa ya wenyewe. Waulizeni ni wapi mimea imetofautiana, kwa urefu au kwa rangi. Wapime kwa hatua na kuchora ramani. Kisha wawaendee wazee na kuwauliza palikuwa na nini hapo zamani. Msikubali jibu la kwanza: duara la kijani laweza kuwa zizi, na laweza pia kuwa kichuguu cha kale. Hapana budi watoto walinganishe walichoona na walichoambiwa, ndipo waseme. Wala wasichimbe, hiyo ni kazi ya wataalamu, na kilichofukuliwa ovyo hakirudishiki.

Somo hili halihitaji vifaa vya kununua. Lahitaji mwalimu aliye tayari kufundishwa na mwanafunzi wake. Basi mtoto akisimama katika kipindi cha historia na kuanza kuzungumza habari za mahindi, msimketishe. Mwambieni, "Twende ukatuonyeshe."