Askari Mstaafu Azuru Kiwanja cha Anfield

Jiji la Liverpool liko kando ya Mto Mersey, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ni jiji la bandari, na wenyeji wake wanaipenda kandanda kama wanavyoupenda mto wao. Anayetoka bandarini kwenda Anfield hupanda mlima mdogo, akapita mitaa ya nyumba za matofali mekundu zilizobanana, mpaka ghafla kiwanja kinapotokeza juu ya mapaa kama ngome.

Asubuhi moja ya baridi alifika hapo mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa polisi nchini Uganda, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka kumi. Binti yake ni muuguzi huko Uingereza, naye ndiye aliyewakatia tikiti. Lakini safari ya mzee ilikuwa imeanza zamani, usiku wa tarehe 30 Mei, 1984. Wakati huo alikuwa kuruta, na yeye na wenziwe waliizunguka redio moja ndani ya bweni. Liverpool walikuwa wakicheza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Rome dhidi ya wenyeji, Roma. Mabao yalikuwa 1 kwa 1, zikapigwa penalti. Kipa Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe akaanza kuichezesha miguu yake langoni kama mtu aliyelegea magoti, mpigaji wa Roma akapaisha mpira, na Liverpool wakashinda. Tangu usiku ule kuruta yule hakupata kuibadili timu yake.

Wageni huanzia juu kabisa ya Jukwaa Kuu, lililopanuliwa mwaka 2016. Kutoka hapo huonekana kiwanja kizima, chenye nafasi za watu zaidi ya 60,000. Mtoto alishangaa kuambiwa kwamba wa kwanza kukitumia kiwanja hicho walikuwa Everton, mahasimu wa Liverpool. Walicheza hapo tangu mwaka 1884. Mwaka 1892 waligombana na John Houlding juu ya kodi ya kiwanja, wakahama. Houlding akabaki na kiwanja kisicho na timu. Basi akaunda timu yake, akaiita Liverpool.

Nyuma ya goli moja limesimama jukwaa liitwalo Kop. Jina hilo lilitoka Afrika. Tarehe 24 Januari, 1900, katika vita vya Waingereza na Makaburu, majeshi ya Uingereza, wengi wao vijana wa Lancashire, yalipigana juu ya kilima cha Spion Kop huko Natal. Waliupanda usiku katika ukungu, wakachimba handaki fupi kwa sababu ardhi ilikuwa mwamba. Ukungu ulipoondoka, walijikuta wamezungukwa na vilima vilivyoshikwa na adui. Zaidi ya 240 walikufa. Mwaka 1906 tuta refu la mashabiki lilipojengwa Anfield, mwandishi mmoja wa michezo wa jijini alilifananisha na kilima kile, na jina likashika. Zamani watu karibu 30,000 walisimama hapo bega kwa bega. Mwaka 1994 jukwaa zima liliwekwa viti, na sasa watu hawazidi sana 12,000.

“Babu, mbona waliondolewa kusimama?” mtoto akauliza.

“Utaliona jibu lake huko nje,” mzee akajibu.

Waliingia vyumba vya kubadilishia nguo, kisha wakashuka ngazi za kuelekea uwanjani. Juu ya njia hiyo kipo kibao chenye maneno yanayomkumbusha kila apitaye kwamba hapa ni Anfield. Kiliwekwa na Bill Shankly, mchimba makaa wa zamani kutoka Scotland, aliyeifundisha timu tangu 1959 hadi 1974. Wakafika ukingoni mwa nyasi, ambazo mgeni haruhusiwi kuzikanyaga. Katika jumba la makumbusho wakayatazama makombe sita ya Ulaya: 1977, 1978, 1981, 1984, 2005 na 2019. La mwisho lilimfurahisha mtoto kupita yote, kwani bao la pili la fainali ile lilifungwa na Divock Origi, ambaye baba yake aliichezea Kenya.

Nje ipo sanamu ya Bob Paisley akiwa amembeba mgongoni mchezaji aliyeumia. Paisley alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Pili, akapigana Afrika ya Kaskazini na Italia, akaingia Rome mwaka 1944. Mwaka 1977 alirudi Rome akiwa meneja, akatwaa Kombe la Ulaya. Mzee aliitazama sanamu hiyo kwa muda, kisha wakasogea mpaka ukumbusho wa Hillsborough.

Majina 97 yamechongwa hapo. Tarehe 15 Aprili, 1989, Liverpool walicheza nusu fainali ya Kombe la F.A. na Nottingham Forest katika kiwanja cha Hillsborough, mjini Sheffield. Umati ulisongamana nje, na mkuu wa polisi akaamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe. Lakini hakuna aliyeifunga njia ya kuelekea vizimba vya katikati, vilivyokuwa vimekwisha jaa. Watu walibanwa kwenye uzio mpaka wakakosa pumzi. Grobbelaar yule yule, kipa wa siku ile, alivisikia vilio nyuma ya wavu wake, akaomba vilango vya uzio vifunguliwe. Mdogo wa waliokufa alikuwa na miaka kumi.

“Babu, polisi hawakuwapo?”

Mzee alikawia kujibu. “Walikuwapo, mjukuu wangu. Walikuwa wengi.”

Akamweleza kwamba wakubwa wa polisi walisema mashabiki ndio waliolivunja lango, nao ulikuwa uongo. Jamaa za marehemu walidai haki kwa miaka 27, hadi mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Jambo moja mzee hakuwa amemwambia mtu. Siku ya mechi kubwa, katika kiwanja kimoja cha nyumbani, alipewa lango alilinde. Umati uliposukuma, yeye aliona adui mbele yake, akainua rungu. Ndipo mama mmoja akapiga kelele: “Afande, mtoto!” Akainama, akamvuta kijana mdogo kutoka chini ya miguu ya watu. Kiatu kimoja kilipotea, mtoto akapona. Wakubwa wake walimsifu kwa kulishika lango, naye akaipokea sifa akanyamaza.

Sasa, mbele ya majina yale, alimsimulia mjukuu wake yote, hata habari ya rungu.

“Ungelichelewa kuinama?” mtoto akauliza.

“Jina lake lingelichongwa mahali,” mzee akasema.

Walipokuwa wakiondoka, mtoto alimwonyesha babu duka la fulana nyekundu. Mzee alikuwa amegeuka nyuma, akiitazama milango ya kutokea, akiihesabu mmoja mmoja.