Neno Tumbo

Neno lililo pana sana hubeba mengi, na abebaye mengi huangusha baadhi. Katika lugha yetu nalijua neno moja la namna hii, nalo ni tumbo. Njaa huuma tumboni, mimba hukaa tumboni, na ndugu wa damu huitwa wa tumbo moja. Nimelipenda neno hili maisha yangu yote. Hata hivyo, lilipata kumdhuru mtu wa nyumba yetu kwa kinywa changu mwenyewe.

Nalizaliwa Mbekenyera, siku ambazo kijiji kilihesabiwa katika wilaya ya Nachingwea. Leo kimo Ruangwa. Sisi Wamwera kwa asili humfuata mama katika ukoo, na kwa hiyo mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mjomba. Siku za sikukuu alichinja mbuzi chini ya mkorosho, akaniita nishike miguu. Hakusoma sana, lakini kisu chake kilijua mpaka wa kila kiungo. Alinionyesha kuwa mbuzi ana matumbo manne: la kwanza kubwa kama mkoba, ambamo majani hungoja kurudishwa kinywani yatafunwe tena, la pili lina vijumba kama sega la nyuki, la tatu lina kurasa kama kitabu, na la nne ndilo lifananalo na letu. Baadaye nalijifunza kuwa utumbo wa mbuzi hupita mara 20 ya urefu wa mwili wake, na wa paka ni kama mara 4 tu. Nyama husagika upesi. Majani hudai safari ndefu.

Kuku alikuwa somo lingine. Hana meno; kazi ya meno hufanywa na firigisi kwa msaada wa changarawe. Hana kibofu, taka ya figo zake ni nyeupe kama chokaa, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Yai nalo hupita katika mlango ule ule. Mbuzi jike amepewa zaidi: ana kibofu, ambacho sisi watoto tulikipuliza tukakifanya mpira, ana mji wa mimba wenye pembe mbili, na ana milango miwili, mmoja wa kinyesi, na mmoja ambao mkojo na mtoto huushiriki.

“Mjomba,” niliuliza, “na watu je?”

“Hayo utafunzwa jandoni,” akajibu, akaendelea kuchuna.

Jandoni nalifunzwa adabu, na adabu ni vazi jema. Lakini habari ya mwili wa mwanamke ilibaki unyagoni, na baina ya nyumba hizo mbili hapakuwa na daraja. Hapana aliyeniambia kuwa mwanamke ana milango mitatu, kila mmoja na kazi yake.

Nalikuwa na umri wa miaka kumi na miwili mama yangu mdogo aliponichukua nimsindikize kwa mganga wa zahanati. Aliona haya kusema mbele ya mwanamume mgeni. Njiani aliniambia, macho yake yakitazama chini, “Mwanangu, mwambie ni huku chini ya kitovu, na nikienda haja ndogo naona damu.” Tulipofika, mganga aliniuliza mgonjwa ana nini. Nalikijua kibofu; nalikuwa nimekichezea mara nyingi. Lakini ulimi uliona haya. Nikasema, “Tumbo linamwuma.” Tukapewa dawa ya tumbo, tukarudi nyumbani. Miaka miwili ilipita kabla ya mganga mwingine kuuliza neno moja zaidi, akapima mkojo, akaona kichocho.

Mdudu wa ugonjwa huu aligunduliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851. Hutoka katika konokono wa maji yaliyotulia, akapenya ngozi ya mtu aogaye au achotaye, akafanya makao katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu. Mayai yake hutoboa ukuta wa kibofu, na damu hutoka na mkojo. Kwa mwanamke mengine hukwama katika mlango wa mji wa mimba na viungo vya jirani. Milango imetengana, lakini nyumba ni za ukuta mmoja. Moto wa jirani huunguza na kwako. Dawa ya prazikwanteli huwaua wadudu, lakini kovu la siku nyingi huweza kubaki. Mama mdogo alipona damu. Mtoto hakupata. Kama ni kwa sababu ya miaka ile miwili, hapana awezaye kuapa; mimi nami sikuweza kujiapia kuwa siyo.

Nimepata shahada ya uzamivu katika lugha, na kazi yangu ni maneno. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na husemwa mara nyingi kuwa Kiswahili ni maskini wa istilahi. Mimi siungami. Kibofu, figo, firigisi na mji wa mimba ni maneno ya jikoni na ya machinjoni, ya kale kuliko vyuo vyetu. Siku ile halikukosekana neno, alikosekana msemaji.

Mwaka jana nalimwendea mama mdogo, nikamkiri kosa langu. Alinyamaza kitambo akichambua mboga. Kisha akasema, “Baba, wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, na kinywa nilikuwa nacho.”

Msomaji, sitaki tuivue adabu. Nataka tuijue mipaka yake. Kuku ameumbwa na mlango mmoja kwa mambo matatu, naye hapati madhara kwa umbile lake. Sisi tuliogawiwa milango mbalimbali, tusiipitishe yote katika neno moja.