Alirudi Kyela na pikipiki ya umeme, vyungu vya mama yake vikaanza kuvunjika… kumbe tatizo halikuwa barabara

Jamaa mmoja, mtoto wa Talatala kule Kyela, alirudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili akiwa juu ya basi lililobeba chuma kwenye buti. Siyo bodaboda. Ni pikipiki ya umeme ya motokrosi, ile nyembamba ya kurukia matuta. Haina tangi la mafuta, haina klachi, haina ekzosi. Mota, betri, na shokapu ndefu kama miguu ya korongo.

Mtaa mzima ulisimama. Madogo walikimbia nyuma yake bila kuamini kitu kinachokwenda vile bila kelele. Mchana huohuo alipandisha klipu akiruka tuta la majaruba ya mpunga, na simu haikulala usiku kucha.

Wasichojua watu ni kwamba ile pikipiki hakuinunua. Bosi wake wa Dar alifunga biashara akiwa anamdai mishahara ya miezi minne, akamwambia, "Dogo, chukua hii tumalizane." Kazi ilikuwa imekwisha. Nyumbani akasema yuko likizo.

Mama yake anafanya biashara ya vyungu. Kwa ambaye hajafika kule: Wakisi ni watu wa upande wa Ikombe, na wanawake wao ndio wafinyanzi wa ufukwe ule wa Ziwa Nyasa. Vyungu vinavuka maji kwa mtumbwi hadi Lyulilo, jirani na Matema, na gulio lake ni Jumamosi. Mama huchukua mzigo kwa mali kauli kutoka kwa mama mmoja wa Kikisi, anauza Kyela mjini, Jumamosi inayofuata anapeleka hela. Wamefanya hivyo miaka mingi bila karatasi wala sahihi. Ni neno tu.

Ila mwaka huu goti lilikuwa linamsumbua, na nauli ya boda ilikuwa inakula faida yote.

"Mama, nauli umeshaagana nayo," jamaa akamwambia. "Mimi nipo."

Jumamosi ya kwanza akafunga keria nyuma ya siti, juu yake kreti, ndani vyungu 12 vilivyoviringishwa majani makavu ya mgomba. Kwenye lami ya Matema mambo yalikuwa safi. Alipoingia barabara ya vumbi kuelekea nyumbani ndipo balaa likaanza. Na pikipiki ya umeme haina muungurumo wa kuficha chochote, kwa hiyo alisikia kila kitu. Ko. Ko. Kwach.

Alifika na vyungu saba.

Mama hakufoka. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavirundika kando ya jiko, akasema "pole na safari." Bora angefoka.

Wiki iliyofuata jamaa aliamua kujitibu kwa YouTube. Akamkuta Mzungu mmoja bingwa, anataja namba za kliki za shokapu zake, naye akaziweka zilezile. Akaona haitoshi, akapunguza upepo wa matairi mpaka 8 ili "ilainike". Jumamosi hiyo, kwenye kona yenye mchanga, tairi la mbele lilikunjika kama ulimi wa kiatu. Akala mweleka mbele ya kijiwe cha boda. Vyungu viwili tu ndivyo vilivyosalimika. Kuna dogo alirekodi, na safari hii klipu iliyosambaa haikuwa ya kuruka tuta.

Jumla vyungu 15 vimekufa kwa wiki mbili. Hela ya mama wa Kikisi haipo. Jioni hiyo jamaa akamsikia mama yake akimwambia jirani kwamba ameamua kumpelekea mwenzie yule jogoo mkubwa kama sehemu ya deni, "maana jina likishachafuka halioshwi na maji ya ziwa."

Jamaa hakulala.

Asubuhi akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi mmoja mzee pale Ipinda. Ni mzee ambaye zamani alikuwa kwenye karakana ya mradi mmoja, enzi za Honda XL, siku hizi anatengeneza boda na baiskeli chini ya mwembe. Umeme hajui na hakujifanya anajua. Aliizunguka mara mbili, akabonyeza siti kwa viganja viwili, akauliza swali moja.

"Una kilo ngapi?"

"Sitini na mbili, mzee."

"Na aliyekuuzia?"

"Kama tisini na tano hivi. Alikuwa anapenda kuruka."

Mzee akacheka, akatoa futikamba ya fundi cherehani.

Wengi wanadhani shokapu ni kitu cha kununua tu, ukinunua ya ghali umemaliza. Si hivyo. Shokapu ina sehemu mbili. Kuna springi inayobeba uzito, na ndani kuna mafuta yanayopita kwenye vitundu ili kuzuia springi isirushe-rushe. Springi inataka kujua uzito wako. Mafuta yanataka kujua barabara yako. Ndiyo maana hata Stark VARG, ile motokrosi ya umeme ya kampuni ya Barcelona iliyozinduliwa mwaka 2021, unapoiagiza unaulizwa uzito wako kwanza ili ufungiwe springi inayokufaa. Namba za bingwa wa YouTube ni za mwili wa bingwa wa YouTube.

Mzee akaipandisha pikipiki juu ya kreti la soda, gurudumu la nyuma likaning'inia. Akapima kutoka kwenye ekseli hadi alama aliyoiweka kwa chaki kwenye madigadi, wima juu yake. Kisha akaishusha chini bila mtu. Ilibonyea milimita 5. Akamwambia jamaa apande, miguu kwenye pedeli, mtu mwingine ashike usukani. Milimita 31.

"Gurudumu hili linaweza kutembea milimita 210," mzee akasema. "Ukikaa na mzigo wako, linatakiwa liwe limeshashuka theluthi. Sabini hivi. Wewe umeshuka thelathini na moja. Dogo, hujakaa kwenye pikipiki, umekaa kwenye jiwe."

Kwa nini theluthi? Kwa sababu gurudumu halipandi tu linapokutana na tuta, linatakiwa pia lishuke linapokutana na shimo. Pikipiki iliyosimama juu kabisa haina nafasi ya kushuka. Kila shimo tairi linaelea hewani, halafu linatua kwa kishindo. Na kishindo hicho kilikuwa kinaishia kwenye vyungu.

Jamaa akawa anatarajia kusikia springi ni mbovu, anunue nyingine. Mzee akamwambia alete kreti na mawe ya uzito wa vyungu 12. Mizani ya duka la mpunga ikasema kilo 26. Wakafunga, jamaa akapanda tena. Milimita 49.

Mzee akachukua bisibisi butu na nyundo ndogo, akagonga ile ringi kubwa inayokandamiza springi, ambayo bosi alikuwa ameikaza mpaka mwisho. Akailegeza kidogo kidogo, kila baada ya mzunguko anapima upya. Mwisho wakafika: mtu na mzigo, 70. Mtu peke yake, 52. Pikipiki tupu, 26.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo iliyomfanya mzee atikise kichwa kwa kuridhika. Ukishapata theluthi, unaangalia pikipiki tupu inashuka kiasi gani. Ikishuka sana, springi ni ngumu mno kwa mzigo wako. Isiposhuka karibu kabisa, springi ni laini mno na umeikaza kwa nguvu. Ishirini na sita kati ya mia mbili na kumi ni mahali pake.

"Springi hii ni ngumu kwako," mzee akasema. "Ila kwako na vyungu vya mama yako, ni saizi yake. Ilikuwa inasubiri mzigo."

Jamaa akakaa kimya.

Wakahamia kwenye mafuta. Mzee akakandamiza siti na kuachia ghafla, nayo ikaruka juu kama chura. "Unaona? Vyungu havivunjiki pikipiki ikishuka. Vinavunjika ikirudi, inavitupa juu halafu vinatua." Skrubu ya kurudi ilikuwa kliki 16 kutoka kwenye kukazwa mwisho. Wakaikaza hadi 10. Ikawa inarudi mara moja na kutulia. Za mbele wakalegeza skrubu ya kubonyea kliki nne. Kila walipobadili kitu kimoja, jamaa alikwenda kujaribu mpaka daraja dogo na kurudi, na mzee akaandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadili vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuumiza.

Upepo wakarudisha 18. Kreti moja la nyuma wakaliondoa, wakafunga matenga mawili ya pembeni, chini na mbele ya ekseli. Mzigo ukiwa nyuma na juu unanyanyua gurudumu la mbele, na gurudumu jepesi halisikii usukani. Kwenye umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu mota inatoa nguvu yote pale pale unapovuta mkono, hakuna klachi ya kubembeleza. Jamaa mwenyewe akaweka modi ya Eko, akapunguza na ile breki ya mota, ambayo ukiachia mkono inajigeuza jenereta na kulishika gurudumu la nyuma.

Mzee alitaja bei ndogo hadi jamaa akaona aibu. Akampa kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, tata."

Jumamosi ya tatu. Lyulilo asubuhi, mitumbwi imejaa vyungu vyekundu, Milima ya Livingstone imesimama nyuma kama ukuta. Jamaa alikwenda mwenyewe kwa mama wa Kikisi, akapiga goti, akaomba radhi, akampa hela aliyoipata kwa kuuza simu yake, ile iliyokuwa inapiga klipu. Mama wa watu akazihesabu, akampa vyungu vingine 12 bila kusema neno la ziada.

Kwenye barabara ya vumbi alisikiliza. Mnyororo tu, na matairi. Hakuna ko.

Nyumbani mama akakaa kwenye kigoda, akavitoa kimoja kimoja na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kwa macho, ufa mwembamba huwezi kuuona. Ila chungu kizima kinalia kama kengele, na chenye ufa kinalia kama ubao. Kimoja kikalia. Cha pili kikalia. Hadi cha kumi. Cha kumi na moja: du. Akakiweka pembeni, "hiki cha kupandia mchicha." Cha kumi na mbili kikalia.

Kisha akamtazama mwanawe.

"Na wewe, nikikugonga, utalia vipi?"

"Mama…"

"Likizo gani ya wiki tatu, mwanangu?"

Akamwambia yote. Bosi, mishahara, pikipiki, kazi iliyoisha tangu mwezi wa kumi na moja. Mama alisikiliza huku anafuta vumbi kwenye vyungu. Alipomaliza, mama akauliza kitu ambacho jamaa hakukitegemea.

"Jumamosi ijayo twaweza kubeba kumi na nne?"

"Hapana mama. Imepimwa kwa kumi na mbili."

"Haya. Kumi na mbili."

Mpaka sasa jamaa anabeba vyungu, na siku za katikati anabeba kakao ya majirani. Kipande cha boksi chenye namba za mzee amekibandika chini ya siti kwa selotepu. Vijana wa kijiwe wanakuja kumuuliza aliweka kliki ngapi ili nao waweke kwenye boda zao. Huwa hawajibu kwa namba. Anawauliza: "Una kilo ngapi? Na unabeba nini?"

Mdau, wewe je? Unatembelea springi yako au ya mwenzio? Tiririka.