"Usikate, Dada!"

Mwenzenu nimeshaharibu vitu vingi ndani ya nyumba yetu: vikombe, pasi, hata simu ya mume wangu. Lakini hakuna kilichonikosesha raha kama kipande cha mpira mweusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Stori yenyewe iko hivi. Mume wangu alirithi pikipiki ya marehemu baba yake, Honda XL 125 ya miaka ya 80. Mzee alikuwa bwana shamba, na ndiyo iliyomzungusha vijijini miaka yake yote ya kazi. Mwaka jana nikashikilia iuzwe. Mume wangu alishaanguka nayo mara mbili barabarani, na tuna mtoto mdogo. Tulinuniana karibu wiki mbili, si unajua tena. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: ile mipira ya kushikia kwenye usukani abaki nayo. Imelika pale vidole vya mzee vilipokaa, ukishika unahisi kabisa. "Mkono wa baba uko hapa," akasema, kisha akatoka nje.

Mteja alikuwa aje Jumapili. Jumamosi, yeye akiwa kazini, nikajitia fundi. Nia yangu ilikuwa njema, nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Nikavuta, wapi! Nikaleta kisu cha jikoni, nikachokonoa ukingo wa mpira wa kushoto. Ukachanika.

Nikaikokota pikipiki hadi kwa fundi wa mtaani kwetu huku moyo unanidunda. Aliponiona na kisu mkononi akapiga kelele: "Usikate, dada! Huo haujafungwa na kitu, umeng'ang'ania tu. Usiuvute, uachanishe na chuma."

Kwanza akauzungushia kitambaa cha maji ya moto dakika chache, maana mpira wa zamani hukakamaa. Akachukua spoku ya baiskeli, akaisugua ncha kwenye sakafu mpaka ikawa laini, akaichovya kwenye maji ya sabuni na kuipenyeza polepole kati ya mpira na chuma. Akaizungusha pande zote, kila mara akidondoshea sabuni. Halafu akaushika mpira kwa kiganja kizima, akausokota huku na huku kama anayekamua nguo. Ukachomoka! Akaniambia mwenye kompresa hupuliza upepo ndani yake, mpira ukavimba kidogo na kutoka wenyewe. Spiriti nayo inafaa kwa sababu hukauka haraka, ila isisogelee moto.

Wa kulia ndio ulinitoa jasho. Huo haukai kwenye chuma, unakaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka na kuvuta waya wa mafuta. Ukilazimisha, bomba linapasuka. Nilishikilia bomba lisizunguke huku yeye akipitisha spoku kwa mkono mwepesi kuliko wa daktari wa meno. Nikamuuliza kwa nini tusipake oili tumalize. Akacheka. Oili hubaki pale, mipira mipya ikiwekwa itateleza, na dereva anaweza kusokota mafuta pikipiki isiitike. Kwa kuweka mipya akaniomba spreyi ya nywele: ikiwa mbichi inatelezesha, ikikauka inashika. Ilikuwa mpya jamani, nimeinunua juzi yake tu! Nikaenda kuileta.

Jioni nikamwekea mume wangu mipira yake mezani, imeoshwa na kufutwa. Nikamwonyesha palipochanika kabla hajapaona mwenyewe. Nilishatunga maneno ya kuomba msamaha, yote yakapotea. Alipapasa ule ukingo muda mrefu, nikahisi anajizuia.

"Kisu?" akauliza.

"Kisu."

"Hapa baba alikuwa hashiki," akasema. Akahamisha kidole kwenye vishimo. "Alikuwa anashika hapa."

Jumapili mteja alipokuja, mimi ndiye niliyehesabu hela. Mume wangu alibaki chumbani mpaka mlio ulipoishia kona ya mwisho. Kuhusu usalama bado naamini nilikuwa sahihi, lakini siku ile sikujisikia mshindi.

Mipira iko kwenye droo ya kitandani, upande wake. Wiki iliyopita mwanetu aliitoa, akashika mmoja kila mkono na kuanza kunguruma sebuleni. Nikanyanyuka nimnyang'anye.

"Mwache," baba yake akasema. "Wa kulia ndio wa mafuta, mwanangu. Sokota taratibu."