Sentimita Moja na Nusu

Wasee, acheni kuniuliza mbona bado nachechemea na nyonga ni mpya. Seli mundu ilizibia mfupa damu hadi ukafa, nikawekewa nyonga ya chuma. Nikatoka tiata mguu wa kulia ukiwa mrefu. Mtu wa fizio akasema ningoje kwanza: misuli ikikaza, unauhisi mguu mrefu kuliko ulivyo. Miezi sita baadaye akapima. Sentimita moja na nusu, hiyo ni ya kukaa.

Fundi viatu wa steji ya Kayole akaniongezea soli upande wa kushoto. Sasa raba yoyote nikitoa Gikomba inapitia kwake kwanza. (Pata pata za bafu bado zinaniyumbisha.)

Jana konda alinishika mkono nipande mathree, nikamfokea. Hakuwa amekosea. Nauli nilimlipa bila kumwangalia.